Wifi Yangu na Ukuta wa Upande wa Mvua

Wifi yangu ni mtu mbaya. Naanza na hilo ili anayetaka habari za watu wema aondoke mapema, asije akanilaumu huko mbele. Tumeishi nyumba moja miaka arobaini na mmoja, mimi na yeye, na siku tulizowahi kuelewana hazijazi kiganja cha mtoto anayenyonya. Akikohoa, mimi nakohoa zaidi. Nikianika nguo, yeye anakumbuka ana majivu ya kumwaga karibu na kamba yangu.

Lakini kusema ni mbaya si kusema hajui kazi. Kazi anaijua. Wifi yangu ni mchoma matofali, na kwa miaka mingi hapakuwa na mchoma matofali wa kumfikia kifundo cha mguu, awe mwanamume awe mwanamke. Ndiyo maana watu wanamwita Bi Moto.

Kazi aliipata kwa baba yake. Mzee hakuwa na nia ya kumfundisha binti. Aliyetakiwa kuirithi ni mume wangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliogopa moshi. Machozi yalimtoka kuni zikiwa bado ziko msituni. Basi mzee akamgeukia binti, na binti akaingia kazini kama aliyekuwa anaisubiri tumboni mwa mama yake. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuwa anatema mate kwenye mdomo wa tanuri, anasikiliza yanavyochachatika, kisha anasema, "Ongeza magogo mawili," au, "Acha." Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nimeona pia kuku wa jirani akiruka juu ya tanuri lake akiwa mzima na manyoya yake, akatua upande wa pili ameiva, kanyonyoka, amebakiza kutiwa chumvi tu. Kuku huyo tulimla. Anayebisha aje nimwonyeshe mfupa.

Aliolewa mara moja. Mume wake akamwambia achague, yeye au matanuri. Bi Moto alijitwika kichwani kalibu yake ya mbao, ile ya kufyatulia matofali, akarudi kwao siku ileile kabla chai haijapoa. Hakuna aliyemuuliza tena swali la namna hiyo.

Mimi nilipoolewa, yeye na kaka yake ndiyo kwanza wanajiandaa kujenga nyumba hii. Vyumba viwili vya mbele vya dada, viwili vya nyuma vyetu, sebule ya wote, yaani uwanja wa vita. Matofali elfu nane, tanuri moja, mchomaji mmoja. Nyumba iliposimama, watu walikuwa wanakuja na funguo zao kuugonga ukuta wa mbele, wasikie. Tofali lililoiva hulia ngli, kama kengele ya baiskeli. Lisiloiva husema pu, kama umepiga teke gunia. Ukuta wetu wa mbele ulilia ngli mpaka mbwa wakageuza shingo. Kuanzia hapo kila aliyetaka kujenga akamtafuta "yule wa nyumba inayolia." Kachoma matofali ya shule, ya zahanati, ya ghala, ya nyumba ambazo wenyewe hawamjui hata sura. Jina lake lote limesimama juu ya kuta hizi nne, na kila nilipogongea msumari wa kutundikia ungo, sauti ilitoka chumba cha mbele:

"Polepole na matofali yangu, wewe mke wa kaka!"

Yangu! Kama vile mimi nalala kwenye mti.

Sasa ukuta ulioleta balaa ni ule wa upande wa mvua, unaotazama ua wa jirani yetu muuza mkaa. Ndio ukuta wa chumba changu. Kitanda changu kimeegemea hapohapo. Miaka mitatu iliyopita ulianza kubadilika. Kwanza kuvu ya kijani, halafu masizi ya jiko langu yakashika juu ya kuvu, halafu chumvi nyeupe ikachuruzika kutoka ndani kama ukuta unatokwa na makamasi. Mwishowe ukawa mweusi kuliko kisigino changu, na kisigino changu nakijua.

Mwanangu, dereva wa lori, akaja kututembelea. Akasimama uani, mikono kiunoni.

"Mama, Shangazi, mnaishi ndani ya sufuria?"

"Muulize mama yako na jiko lake," akasema Bi Moto.

"Muulize shangazi yako na matofali yake," nikasema mimi.

"Siulizi mtu. Nimeshampata fundi rangi. Alhamisi narudi naye tuanze kazi. Kubalianeni tu. Tupake rangi nyumba nzima, au tuisugue matofali yaonekane kama zamani?"

Akaondoka. Huyo ndiye mwanangu. Anarusha kiberiti kwenye nyasi halafu anawasha lori.

Mimi nilijua Bi Moto atasema tusugue. Nani achome matofali kwa jasho lake halafu akubali yafunikwe? Kwa hiyo nilikuwa tayari kabisa kupigania rangi. Nilishachagua hata ya kumuudhi, njano ya yai, nikaitaja kwa sauti asikie. Lakini kesho yake akanigeuka.

"Ipakwe," akasema.

"Ipakwe nini?"

"Rangi. Masikio yako nayo yana masizi?"

"Basi isuguliwe," nikasema papo hapo.

"Jana hukusema utataka njano?"

"Jana sikujua kama nawe unataka rangi."

Akanitazama kama mtu anayetazama kwato kwenye mchuzi. "Una roho ya mwiba wa samaki."

"Na wewe una nini cha kuficha? Matofali ya Bi Moto, yanayolia ngli, leo yanaona haya?"

Nilisema kwa kuchokoza tu. Lakini akanyamaza, na huyo mwanamke hanyamazi hovyo. Hata akiwa amelala anagombana na mto.

Jumatatu fundi rangi akaja kuangalia kazi. Ni mtu mwembamba mrefu, ana madoa ya kila rangi aliyowahi kuipaka, ukimtazama unasoma nyumba za mtaa mzima. Akaikuna kuvu kwa ukucha, akanusa.

"Bibi zangu," akasema, "mnagombana bure. Mkitaka kusugua, nasugua. Mkitaka rangi, pia nasugua kwanza. Brashi ya waya, sabuni, maji mengi, ukauke, ndiyo nipake."

"Paka hivyo hivyo," akasema Bi Moto.

"Juu ya kuvu? Itabanduka kabla sijafika nyumbani, Bibi."

"Nimesema brashi ya waya haigusi ukuta huu."

"Lakini Bibi…"

"Nenda kapake kucha zako! Mrefu hivyo, akili imekwama njiani."

Fundi akaniangalia mimi, akidhani nitamtetea. Nikamwambia arudi Alhamisi na brashi mbili.

Siku ileile Bi Moto alitoa kigoda chake, akakiweka chini ya ukuta wa upande wa mvua, akakaa, mchi wa kutwangia mapajani. Jumatatu yote. Jumanne yote. Muuza mkaa alichungulia juu ya ua akauliza, "Bi Moto, unalinda nini?" Akajibiwa, "Nalinda nisikuone." Chakula alikula hapo hapo. Mimi nilipita mara kumi na moja na ndoo tupu, kwa kumchungulia tu, na kila nikipita mchi ulihama kutoka paja hili kwenda lile.

Nilianza kufikiri, jambo ambalo huwa nalifanya mwishoni. Kila mwaka baada ya mvua nilikuwa naenda kwetu kumwona mama yangu, wiki mbili. Kila nikirudi, ukuta ule niliouacha na madoa naukuta mwekundu, mpya, kama umetoka tanurini jana. Nikiuliza, Bi Moto alikuwa anasema, "Matofali yangu hujisafisha yenyewe." Na mimi nikaamini! Mimi niliyewahi kuwaaminisha watu kwamba babu yangu alimfuga mamba amlindie nyavu, nikatiwa mfukoni kwa uongo mwembamba vile. Kisha nikakumbuka: goti lake lilianza kukataa kupanda ngazi miaka mitatu iliyopita. Na ukuta ulianza kuwa mweusi lini? Miaka mitatu iliyopita.

Jumatano ilikuwa siku yake ya kliniki ya goti. Alitaka asiende, lakini goti lilikuwa limevimba kama papai. Alipokuwa anatoka, aliniachia maneno mlangoni.

"Ukiugusa ukuta ule, wifi, nitajua."

"Nani anautaka ukuta wako."

Hakuwa amefika barabarani nikawa nimeshashika brashi ya kusugulia sufuria, ya waya, na ndoo ya maji. Nilichagua pembeni, chini ya dirisha langu. Nikasugua. Kuvu ikatoka, masizi yakatoka, maji yakashuka meusi, halafu yakashuka mekundu. Mekundu kama damu ya mwanakondoo. Nikafurahi, nikadhani nimelifikia tofali lenyewe. Kumbe ilikuwa ngozi tu, udongo mwekundu uliopakwa tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Ngozi ilipoisha, brashi ikaingia. Namaanisha iliingia ndani, vidole vitatu, na tofali likanitokea mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ndani lilikuwa la rangi ya ufizi. Halikuwahi kuiva hata siku moja.

Nikachukua ufunguo. Nikagonga tofali la pembeni. Pu. La juu yake. Pu. Kutoka kona mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka nilipoishia kufika: pu, pu, pu. Miaka arobaini na mmoja nimelala nyuma ya rundo la tope lililovaa kanzu nyekundu!

Sitawadanganya kuhusu nilivyojisikia. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Bi Moto, yule wa nyumba inayolia! Nikaanza kupanga nimwambie nani kwanza. Muuza mkaa, kwa sababu habari ikiingia kwake inatoka na kila gunia. Kisha wale waashi wanaomwamkia Bi Moto kwa kuinama. Nilikuwa nimefika kwenye kupanga maneno yenyewe niliposikia fimbo yake kwenye kokoto.

Alisimama. Akaona shimo, akaona ndoo, akaniona mimi na ufunguo mkononi. Nikajiandaa kwa mchi. Lakini mchi ulikuwa ndani, na mwenyewe akajishusha kwenye kigoda taratibu, goti likilia.

"Haya," akasema. "Umepata ulichokuwa unakitafuta tangu siku ya kwanza. Nenda katangaze."

"Nitaenda."

"Nenda. Mwite na muuza mkaa, anachungulia pale kwenye tundu la ua anadhani simwoni." Muuza mkaa alikuwa kashakwenda sokoni, tundu lilikuwa tupu, lakini alisema hivyo. Kisha akasema mengine, si kwangu hasa, alikuwa anauambia ukuta. "Moto niliupeleka vizuri siku tatu. Midomo yote mitano niliiziba kwa udongo, mimi mwenyewe. Tanuri likishazibwa halifunguliwi mpaka lipoe. Nikakaa kulinda. Siku ya pili baada ya kuziba, mchana, nikasinzia. Saa moja tu. Tulipofungua, upande mzima ulikuwa mbichi. Joto lilikuwa limetoroka nami nimelala."

"Mume wangu alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyenishauri tuyachovye kwenye udongo mwekundu, tuyajenge upande huu wa ua, ambako hakuna mtu atakayegonga. Tulisahau mvua inatokea wapi."

"Na mimi hakuniambia!"

"Mdomo wako hauna kitasa. Angekuambia, ingejua mpaka mvua yenyewe." Akajifuta pua kwa kanga. "Nimechoma matanuri mia na zaidi baada ya lile. Sikusinzia tena. Hata nikiwa na homa sikusinzia. Na bado kila mtu akinisifia nyumba hii, mimi natazama upande huu wa mvua."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kunuka. Siku ya pili. Mchana. Mdomo wa tanuri.

Nilikuwa bi arusi wa wiki tatu. Nilikuwa na njaa, maana kwa mkwe wangu chakula kilipakuliwa kana kwamba kila punje ilikuwa na ndugu wa kuililia. Nilikuwa na viazi vitamu vitano kwenye fundo la kanga. Nikamwona wifi yangu mpya, huyu huyu, kalala mdomo wazi kwenye kivuli cha tanuri. Nikazunguka upande wa pili. Nikabandua udongo kwenye mdomo wa nne, nikaingiza viazi vyangu kwenye makaa, nikasubiri. Upepo uliingia humo na kupiga mluzi, nikaona ni burudani. Vilipoiva nikavitoa, nikaziba kwa nyasi na tope, haraka haraka, kitu chembamba kama ukoko. Nikala vinne. Kimoja nikampelekea mume wangu, nikamwambia nimekichoma wapi.

Mume wangu! Alikula, akaramba vidole, na tanuri lilipofunguliwa upande ule ule akanyamaza. Alimficha dada yake kwangu, akanificha mimi kwa dada yake, miaka ishirini na sita, mpaka akafa. Mwoga wa moshi, kumbe alikuwa tanuri mwenyewe, kazibwa pande zote.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria. Lakini huyu mwanamke alikuwa anafuta machozi mbele yangu, machozi ambayo kwa haki yalikuwa yangu, na sijawahi kumwacha anishinde kwa chochote.

"Hukuharibu wewe," nikasema. "Ni mimi. Nilifungua mdomo wa nne. Nilichoma viazi."

Nzi akapita. Huyo nzi nakuambia niliyasikia magoti yake.

"Viazi vingapi?" akauliza Bi Moto.

"Vitano."

"Vitano." Akainuka. Goti lote lilipona. "Nimelala pembeni yako hatua kumi. Umechoma viazi vitano kwenye moto wangu. Na hukuniletea hata kimoja!"

Akaokota lile tofali nililolichomoa, akanirushia. Nilikuwa nimeshageuka kukimbia, likanipata makalioni, likapasuka likawa vumbi. Hapo nikathibitisha kwa mwili wangu kwamba halikuiva. Lingekuwa limeiva, nisingekuwepo kusimulia.

Tulitukanana mpaka jioni. Sitarudia, mengine yanawahusu marehemu. Sikumwomba radhi na yeye hakunisamehe. Tulipochoka kila mtu akala chumbani kwake.

Alhamisi mwanangu akaja na fundi rangi, brashi mbili kama nilivyoagiza, na muuza mkaa kaegemea ua wake hata aibu hana.

"Mmeamua?" akauliza mwanangu.

"Ukuta wa mbele na ile mingine osheni kwa maji na sabuni, ilie," akasema Bi Moto. "Huu hausuguliwi wala haupakwi rangi. Huu una dawa yake, udongo mwekundu, naujua mwenyewe."

Lakini fundi alikuwa keshaliona shimo. Akainama na ile shingo yake ndefu, akaingiza kidole, akasaga vumbi. Kisha akakunja ngumi akaligonga tofali la jirani yake. Pu.

"Bibi," akasema polepole, "mbona matofali haya kama haya…"

Nikamwona Bi Moto. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili na midomo imekuwa ya kijivu. Muuza mkaa alikuwa amenyoosha shingo mpaka nikadhani itabaki upande wetu. Neno moja tu la fundi, na kila mwashi angeanza kugonga shule, zahanati na ghala kutafuta pu. Na Bi Moto angeweza kusema jina langu papo hapo, ajiokoe. Hakulisema. Sijui kwa nini. Nadhani alikuwa anaona viazi ni aibu kuliko kusinzia.

"Wewe fundi, toa kidole," nikasema. "Hayo si ya tanuri. Hayo nimeyaweka mimi."

"Wewe, Mama?" mwanangu akashtuka.

"Panya. Alitoboa ukuta. Panya mkubwa kama mbuzi, ana ndevu, nilimkuta kakaa kitandani kwangu kavaa miwani ya marehemu baba yako. Nilipomfukuza akatoka na ukuta. Nikafyatua matofali ya tope nikaziba, mbichi hivyo hivyo. Ningemwambia shangazi yako angeniua."

"Ukuta mzima, Mama?"

"Alikuwa na mke."

Muuza mkaa ndiye aliyeanza kucheka, fundi akafuata, mwanangu akajishika mbavu akasema, "Mama, Mama, siku moja uongo wako utakuangukia." Wakacheka mpaka hakuna aliyekumbuka kugonga tofali la tatu. Faida ya kujulikana kwa uongo mtaa mzima ni kwamba watu wanakuchoka kabla hawajakuchunguza.

Bi Moto hakucheka. Aliniangalia kutoka unyayo mpaka kilemba.

"Umesikia, mwanangu? Aliharibu ukuta wangu," akasema. "Kiazi huyu. Atauziba mwenyewe na atausiriba mwenyewe, kila mwaka, mpaka mmoja wetu afe."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mvua zikiisha, siendi popote. Nakanyaga udongo mwekundu kwa miguu, nachanganya na majivu, nasiriba ukuta wa upande wa mvua kutoka kona mpaka kona, na yeye yuko kwenye kigoda, mchi mapajani.

"Kiazi! Umeruka tofali."

"Sijaruka."

"Umeruka. La tatu kutoka dirishani. Mwanamke mzima huoni?"

Watu wanaopita wanauliza kwa nini naitwa Kiazi. Yeye huwaambia, "Muulizeni mwenyewe," na mimi huwapa kila mtu sababu tofauti. Mmoja nimemwambia nilizaliwa shambani nikang'olewa kwa jembe. Waashi bado wanakuja kuugonga ukuta wa mbele kwa funguo, nao unalia, na Bi Moto anainua kidevu.

Mwaka huu nilipomaliza kusiriba, nilikoka moto uani, nikachoma viazi vitano. Kikubwa kuliko vyote nikampelekea kwenye kigoda, cha moto, nimekifuta majivu kwa kanga yangu mwenyewe. Akakipokea. Akakivunja katikati, akakinusa, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza matofali.

"Hakijaiva," akasema, akamtupia kuku.